Mbegha Mikononi mwa Wasimulizi Wake

Ukitoka Lushoto mjini ukaifuata njia iendayo Kifungilo, ukapita kandokando ya mashamba ya kabichi na miti ya peasi na plamu ambayo mbegu zake zililetwa na wageni wa zamani, hewa huzidi ubaridi kwa kila kona unayoipinda, na ikifika alasiri ukungu hushuka kutoka misituni ukazifunika paa za nyumba, na shule ya wasichana, na makao ya masista, hata mtu asimwone mwenziwe aliyemtangulia kwa hatua ishirini. Ni katika ukungu wa namna hiyo, jikoni mwa mzee mmoja wa Kishambaa, mbele ya chungu cha makande kilichokuwa kikitokota polepole tangu adhuhuri, nilipomsikia Mbegha akisimuliwa na mtu ambaye hakumpata kitabuni. Mzee alifika pale ambapo mwindaji yule mgeni amewasha moto wake porini, na wakulima walio ng'ambo wauona moshi ukipanda, wakaulizana ni nani akaaye mahali pasipo mtu. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akalitaja bonde lililo chini ya nyumba yake mwenyewe, akasema moshi ule ulionekana hapo.

Mjukuu wake, binti aliyekuwa amerudi likizo kutoka shuleni, alikuwa amechutama akichochea kuni. Akainua uso, akasema kwa adabu, "Babu, kitabuni hawakutaja hapa petu."

Mzee hakukasirika. Akamjibu, "Mjukuu wangu, aliyeandika kitabu alikuwa mtu wa pwani, naye alisikia kwa watu wa mfalme. Mimi nilisikia kwa babu yangu, na babu yangu hakuwa mtu wa mfalme."

Maneno hayo machache yamenikaa moyoni kuliko hoja nyingi nilizopata kuzisoma mintarafu ya kazi ya uandishi, kwa sababu yaligusa jambo ambalo wasomaji wa katuni za mashujaa wanalijua sana, na ambalo wanazuoni wa fasihi aghalabu hulipitia juu juu: kwamba zipo hadithi ambazo umri wake hupita umri wa mtungaji, na shujaa wake hurithiwa kama shamba lirithiwavyo, akatoka mkono huu akaingia mkono ule, na kila mkono ukamwachia alama. Huko Marekani desturi hii imegeuka kuwa biashara kubwa. Superman alizaliwa mwaka 1938 kwa vijana wawili, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, na Superman wao yule wa kwanza hakujua kupaa angani. Aliruka tu, mruko mmoja wa mita zipatazo 200, kisha akarudi chini. Wakaja watu wa redio na watu wa filamu za katuni wakampa uwezo wa kupaa, na mwaka 1943 mchezo wa redio ukamzulia kryptonite, lile jiwe linalomwondolea nguvu zake. Baadaye vitabu vyenyewe vikayapokea hayo yote, hata leo mtoto amjuaye Superman hawezi kusadiki kwamba mambo mawili anayoyajua zaidi juu yake hayakutoka kwa waliomwumba. Lakini milima ya Usambara ilikuwa na desturi hiyo karne mbili kabla, bighairi ya kampuni wala mkataba, na shujaa wake alikuwa Mbegha.

Mbegha, kwa asiyemjua, ni mwindaji aliyetoka nchi ya Ngulu, ambayo wengine huiita Nguu, akapanda Usambara na kuwa mfalme wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi, ukoo uliotawala milima hii kutoka mji wa Vugha. Na wanahistoria hukadiria kwamba kuja kwake kulikuwa katika karne ya kumi na nane. Alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini, na mtoto wa namna hiyo, kwa itikadi ya siku zile, alikuwa nuksi kwa jamaa zake na hakustahili kuachwa hai. Lakini alisitiriwa, akakua, akawa stadi wa mkuki na mbwa, mpaka baba yake alipofariki na jamaa wakamnyima urithi kwa hoja ya meno yale yale. Akahama, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa Kilindi, na siku moja walipotoka pamoja kwenda mawindoni yule kijana akauawa na nguruwe mwitu. Basi Mbegha akakimbia kwa kuogopa kisasi, akafuatana na vijana wa huko, na kwa sababu hiyo kizazi chake kikachukua jina la Kilindi. Katika milima alikaa maporini na mapangoni, moshi wake ukaonekana, akaua nguruwe waliokuwa wakiangamiza mashamba, akawapa wakulima nyama nao wakampa chakula cha shambani, wakamwoza binti zao, wakamtaka awaamulie kesi zao. Na usiku mmoja, katika safari ya kwenda Vugha, akamwua simba, na tangu hapo Simba Mwene likawa jina la mfalme wa Washambaa.

Kigego, mbwa, mkuki, nguruwe, moshi, nyama na simba: hiyo ndiyo mifupa ya hadithi, na sijapata kumsikia msimulizi aliyethubutu kuuondoa hata mmoja. Nyama iliyoijaza mifupa hiyo ndiyo iliyokuwa ikibadilika kwa kila kinywa. Kabla ya karatasi, watu wa kila mtaa walisimulia kwa kirefu sehemu ile ya safari iliyopita kwao, wakazipita nyingine kwa haraka kama mtu apitaye katika shamba la mwenziwe. Watu wa Bumbuli walikuwa na habari zao za Sheuta, mkubwa wa zamani aliyewatangulia Wakilindi, na katika masimulizi yao mgeni yule hakuikuta nchi tupu isiyokuwa na wenyewe. Huko Vugha, ambako mfalme ndiye aliyeaminiwa kuwa mwenye mvua na mwenye njaa, msimulizi alikuwa na haja ya kumkuza Mbegha kwa simba na kwa haki ya kutoza kodi. Kijijini, ambako kodi hiyo ndiko ilikotoka, msimulizi alikuwa na haja ya kukumbusha kwamba mfalme alikuja bila mke wala shamba, akapewa vyote viwili, na kwa hiyo wanawe na wajukuu zake ni wapwa wa wale waliompa. Habari ilikuwa moja, ila mmoja alisimulia ili watu watoe, na mwingine alisimulia ili mfalme asisahau kwamba alipewa. Wala hapakuwa na mtu wa kumwambia mwenziwe kwamba amekosea, maana wasimulizi hao hawakukutana mahali pamoja, na hata walipokutana, msikilizaji ndiye aliyekuwa kadhi.

Ndipo akaja mtu wa kalamu. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy alikuwa mtu wa pwani, na nisba yake yamtaja kuwa wa asili ya Kiajemi. Aliishi miaka mingi katika nchi ya Wakilindi, akawatumikia, akaziona kwa macho yake baadhi ya fitina na vita vyao, na uzeeni akaandika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho mimi nakihesabu miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiswahili, ijapokuwa watu wengi wanaojiita wapenzi wa lugha hii hawajakifunua. Kilitolewa kwa mafungu matatu kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907, katika matbaa ya wamisionari wa Kiingereza huko Magila. Na yafaa tuzingatie mahali hapo. Magila iko katika nchi ya Bonde, na Bonde ndiyo nchi iliyowaondokea Wakilindi mwishoni mwa miaka ya 1860, katika maasi yale yaitwayo Kiva, ikawafukuza watoto wa mfalme katika vijiji vyake. Kwa hiyo habari za ukoo huo zilipigwa chapa mikononi mwa watu ambao baba zao walikuwa wamekwisha kuukataa. Mbondei aliyekuwa akikisoma kitabu kile hakuweza kumwona Mbegha kwa jicho la mtu wa Vugha, hata kama herufi zilizo mbele yao zilikuwa ni hizo hizo.

Msomaji akifungua fungu la kwanza, ataona mara moja kwamba mwindaji wa mapangoni amekwisha kutiwa adabu za baraza la pwani. Mbegha wa Abdallah huamkiana na watu kwa taratibu, hufanya shauri kabla ya jambo, hutuma na kutumiwa wajumbe, huomba ruhusa na kuaga. Maneno ya watu ni mengi kuliko matendo yao, na kila mlango wa hadithi huwa kama mkutano ambamo wakubwa kwa wadogo husema kwa zamu mpaka waafikiane. Simwoni mwandishi kuwa amedanganya kwa kufanya hivyo. Alikuwa amesikia habari ya watu ambao hakuwaona, akahitaji kuwasemesha, na hakuwa na sauti nyingine ya kuwapa ila ile aliyoizoea, sauti ya watu waungwana wakizungumza juu ya mkeka. Na mwandishi yeyote apokeaye shujaa wa watu wengine hukutwa na dharura hiyo hiyo siku ya kwanza anapomfumbua kinywa. Aliyemtangulia alimfahamu shujaa kwa matendo yake, naye mpokezi sharti amsemeshe, na katika kumsemesha hujisema mwenyewe.

Kisha yako mageuzi mengine ambayo hutokea ndani ya mtu mmoja. Kadiri habari zinavyoshuka kutoka kwa Mbegha hadi kwa mwanawe Bughe, na kutoka kwa Bughe hadi kwa Kimweri za Nyumbai, yule mfalme mkuu ambaye Mjerumani Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na ambaye alifariki mwaka 1862 baada ya utawala mrefu, Abdallah huacha kuwa mpokezi wa hekaya akawa shahidi. Simba na nguruwe hutoweka. Badala yake yaja magomvi ya wana wa Kimweri, na bunduki, na biashara ya njia ya misafara iliyopita tambarare, na Semboja wa Mazinde, aliyeteremka kukaa karibu na njia hiyo akapata nguvu za kumpinga Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyekirithi kiti cha Vugha. Msomaji aliyempenda Mbegha wa fungu la kwanza hujikuta katika fungu la baadaye akisoma kitu cha namna nyingine, kizito zaidi, chenye uchungu wa mtu aliyekuwapo. Na mimi, kwa maoni yangu, napenda zaidi mahali pale kalamu inapokuwa katikati, Kimweri angali hai lakini amezeeka, wanawe wamekwisha kuanza kutazamana kwa jicho baya, na mwandishi hajui bado kama anaandika hadithi au tarehe.

Jambo dogo la herufi hunionyesha kwa ukaribu zaidi hasara iliyokuwamo katika kupokezana huku. Washambaa humtaja shujaa wao Mbegha, kwa sauti ya gh itokayo kooni, kama vile wasemavyo Vugha na Bughe. Katika Kiswahili cha kitabu amekuwa Mbega, na mji wake umekuwa Vuga, na mwanawe Buge. Ni herufi moja tu iliyoanguka njiani. Lakini mbega, kwa mtoto yeyote asomaye Kiswahili, ni yule kima mwenye manyoya meusi na meupe, arukaye juu ya mikulo mikubwa katika msitu wa Magamba, na nimekwisha kumsikia mtoto wa shule akiuliza kwa moyo safi kama mfalme wa kwanza alikuwa kima. Ukimsimulia kwa Kishambaa hakuna mtoto atakayeuliza hivyo.

Tena ipo hasara kubwa kuliko hiyo, na ndiyo aliyoigusa mzee wa Kifungilo bila kuinua sauti. Maneno yakiwa kinywani, msimulizi mpya humpokonya wa zamani nafasi yake kwa usiku mmoja tu, kesho wa zamani akairudia. Yakisha kupigwa chapa, huwa kipimo, na kila asimuliaye baada ya hapo huulizwa kwa nini hakusema kama ilivyoandikwa. Binti yule aliyekuwa akichochea kuni hakukusudia kumvunjia babu yake heshima. Alifundishwa kwamba kitabu ndicho ushahidi. Na kwa hiyo mtu ambaye ukoo wake ulikaa katika bonde lile kwa vizazi visivyohesabika alilazimika kutetea moshi wa bonde lake mbele ya sahifa iliyoandikwa na mgeni, aliyeupata moshi huo kwa kusikia. Walakini sitaki nionekane kuwa namlaumu Abdallah. Lau asingeandika, sehemu kubwa ya hayo aliyoyahifadhi ingalizikwa pamoja na wazee wa Vugha, na leo tungekuwa na mifupa ya hadithi bila maneno ya watu. Na nani mwingine, katika milima hii, aliketi akaandika mamia ya sahifa za tarehe ya nchi yake ya kupanga kwa Kiswahili, wakati ambapo wageni wengi waliopita walikuwa wakiziandika habari za Waafrika kwa lugha ambazo wenyewe hawakuzisoma?

Pwani nayo ilikuwa imeyapitia hayo. Fumo Liyongo, jabali la vita la Pate na Ozi, ambaye silaha haikumdhuru ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, alisimuliwa kwa vinywa na kwa nyimbo kwa karne nyingi, kisha Askofu Edward Steere akaitoa habari yake kwa nathari katika kitabu cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akaiandika katika utenzi. Waliokuja baada yake wamemsoma Liyongo wa Kijumwa kana kwamba ndiye Liyongo wa pekee. Na tazama jinsi sindano ile ilivyodumu: mtu aweza kubadilisha mahali, aweza kuongeza mashairi na kupunguza wapagazi wa habari, lakini Liyongo asiye na sindano ya shaba si Liyongo, kama vile Mbegha asiye kigego si Mbegha. Kila shujaa wa namna hii ana ila moja au nuksi moja ambayo ndiyo hati yake ya kuzaliwa, na mpokezi mwenye akili huitambua kabla ya kutia wino kalamuni. Watu wa redio waliomzulia Superman jiwe lake walifanya kazi ya kishujaa kwa maana hiyo, kwa kuwa Superman wa kwanza hakuwa na udhaifu wowote wa kumlilia, nao wakampa. Wakampa sindano yake.

Mkono wa pili wa kitabu cha Wakilindi ulikuwa mkono wa mhariri. J. W. T. Allen, Mwingereza aliyeupenda ushairi na nathari ya pwani na kuutolea umri wake, aliitayarisha upya Habari za Wakilindi, ikatolewa Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza. Mhariri haongezi simba, wala hapunguzi nguruwe. Lakini tufikirie wakati. Abdallah alipoandika, Wakilindi walikuwa wamevunjwa nguvu na Wadachi, walakini wangali wakitajwa kama wenye nchi. Waingereza walipokuja wakawarudisha vitini kwa utaratibu wao wa kutawala kwa kupitia machifu. Na kitabu kilipotoka mara ya pili Tanganyika ilikuwa imepata uhuru, na katika muda usio wa miezi mingi baada yake madaraka ya machifu yakaondolewa kwa sheria katika nchi nzima. Kwa hiyo Habari za Wakilindi iliyokuwa imeandikwa kama hoja ya ukoo ulio hai ikawafikia wasomaji wake wa pili kama kumbukumbu ya ukoo uliomaliza kazi. Hakuna neno lililobadilika, na Mbegha akawa mtu mwingine. Zamani alikuwa babu wa fulani atozaye kodi. Sasa akawa babu wa kila mtu apendaye kumdai, na watoto wa shule wakaanza kumsoma kama wamsomavyo Liyongo, bila hofu na bila deni.

Kisha akaja mtu aliyeibadilisha hadithi bila kugusa hata mfupa mmoja. Steven Feierman, mwanahistoria wa Kimarekani, alikaa miongoni mwa Washambaa katika miaka ya 1960, akajifunza lugha yao, akawasikiliza wazee wa vijiji vingi, wale wale ambao hawakuwa watu wa mfalme, na mwaka 1974 akatoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa. Aliwauliza mambo ambayo Abdallah hakuwa na sababu ya kuyauliza: kwa nini nyama ibadilishwe kwa chakula cha shamba, kwa nini mwindaji akae mapangoni kwanza, kwa nini awe kigego, kwa nini apewe wake kutoka koo mbalimbali, na akaonyesha kwamba kwa Washambaa habari ile inaeleza jinsi mtu wa porini, alaye nyama, asiye na jamaa, alivyoingizwa hatua kwa hatua katika maisha ya watu wa mashamba na ndoa, na jinsi nguvu zake za porini zilivyofungwa ndani ya ufalme ili ziwafae badala ya kuwadhuru. Wana wa mfalme walitawala katika vijiji vya wajomba zao, na mjomba alikuwa na neno kwa mpwa wake. Moshi, kwa namna hii ya kusoma, si alama ya njia tena. Ni mara ya kwanza watu wa mashamba kumwona mtu wa pori, na yeye kuonekana.

Wasomaji wa katuni wataukumbuka mfano mashuhuri wa kazi ya aina hiyo. Swamp Thing, jitu la kinamasi lililotungwa na Len Wein na kuchorwa na Bernie Wrightson mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilijulikana kwa wote kuwa ni mwanazuoni aliyeungua akageuka majani. Lakini Mwingereza Alan Moore alipokabidhiwa, katika toleo la mapema mwaka 1984 alieleza kwamba mtu yule alikufa kweli, na kwamba jitu lile ni majani yaliyojidhania kuwa ni mtu. Hakuna tukio la matoleo ya nyuma lililofutwa. Yote yalibaki kama yalivyokuwa, na yote yakasomwa upya tangu mwanzo. Mimi naiona hiyo kuwa ndiyo daraja ya juu kabisa ya kupokea kazi ya mwingine, na ni daraja ngumu, kwa sababu yamtaka mpokezi asome kwa unyenyekevu mpaka apate swali ambalo hadithi ilikuwa nalo siku zote bila kuulizwa. Watu wengi hushindwa hapo. Hupokea shujaa, wakamkuta mzito, wakaamua kumwua ili waanze upya, au wakamrudisha utotoni, au wakamfanya aote kwamba yote yaliyopita yalikuwa ndoto. Na msomaji aliyemfuata shujaa kwa miaka kumi hujiona amenyang'anywa miaka yake. Hasira ya msomaji wa namna hiyo nimeisikia ikidharauliwa kama hasira ya kitoto, nami sikubaliani. Ni hasira ya mtu aliyeweka amana mahali akaikuta imetumiwa.

Hapa kwetu katuni za magazeti zina mifano yao, ya pande zote mbili. Juha Kalulu wa Kenya alikaa mkononi mwa Edward Gitau kwa miongo mingi, hata mchoraji na mchorwa wakazeeka pamoja, na wasomaji wa Taifa Leo hawakuwa na haja ya kujua ingekuwaje kama mkono ungekuwa mwingine. Katika gazeti la Sani la Tanzania mambo hayakwenda hivyo: Philip Ndunguru, aliyewapa wasomaji akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, alifariki angali kijana, na wachoraji wengine wakawachukua watu wake wakaendelea nao. Mstari wa wino haufichiki kama sentensi. Msomaji huona pua imerefuka kidogo, shingo imekaa vingine, na kwa muda huwa kama mtu aliyerudi nyumbani akamkuta ndugu yake amevaa nguo za marehemu baba yao. Kisha, akisikia kicheko ni kile kile na tamaa ni ile ile, huzoea. Nasema hili kwa heshima kwa wale walioshika kalamu baada ya Ndunguru, kwani kuvaa nguo za marehemu mbele ya watu waliompenda ni kazi ya kiume.

Kwa Washambaa suala hili halikuwahi kuwa la kampuni wala la mshahara, na labda kwa sababu hiyo walilipatia taratibu nzuri kuliko zetu. Msimulizi mpya hakukabidhiwa Mbegha siku moja. Aliketi miaka mingi karibu na moto akiwa mtoto wa kutumwa kuni na maji, akasikia hadithi ikirudiwa, akajua mahali ambapo mzee hutua pumzi, mahali ambapo mzee huruka kwa sababu mkwewe yupo, na mahali ambapo husimama akatazama nje. Hata ilipomfikia zamu yake, alikuwa amekwisha kuwa msikilizaji kadhi kwa muda mrefu kuliko atakavyokuwa msimulizi. Abdallah alipitia shule hiyo kwa sehemu, katika nyua za watu wa mfalme. Feierman aliipitia kwa sehemu nyingine, katika vijiji. Hakuna aliyeipitia yote, wala mzee wa Kifungilo hakudai kuwa ameipitia.

Usiku ule, baada ya maneno ya babu na mjukuu, palikuwa kimya kwa kitambo. Kisha mzee akamwambia binti akilete kitabu, ikiwa anacho. Alikuwa nacho, nakala kuukuu iliyofungwa kwa karatasi ya kaki, pembe zake zimelainika kama kitambaa. Akakaa karibu na moto ili apate mwangaza, akaanza kusoma pale mwindaji anapoingia milimani. Alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Mzee alikuwa akisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, na kila aliposikia jambo analolijua aliliitikia kwa Kishambaa, neno moja au mawili, na mahali pengine akaongeza sentensi nzima, binti akangoja mpaka imalizike ndipo akaendelea. Mpaka baada ya muda watoto wadogo waliokuwa wamejibanza nyuma ya mlango, wakingoja makande, wakawa wanawasikiliza wote wawili kama wamsikilizavyo mtu mmoja.

Mmoja wao, wa miaka mitano au sita, akauliza mbwa wa Mbegha walikuwa wa rangi gani. Binti akairudia sahifa kwa kidole, mstari kwa mstari, akageuza ya pili, hakupata. Akamtazama babu yake. Mzee akafumbua macho, akauangalia moto kwa muda, akaanza kuwataja mbwa mmoja baada ya mwingine, mweusi mwenye kifua cheupe kwanza.